"Boma ye": safari ya amri moja kutoka Kinshasa hadi ulingo wa Tokyo

Somo hili lilianzia kwenye simu. Jioni moja, katika chumba tunachopanga wanafunzi wanne hapa Kamina, mwenzetu alikuwa akituonyesha vipande vya kechi, yaani ile miereka ya kulipwa ambayo sisi Wakongo tumeipa jina hilo kupitia Kifaransa. Mjapani mmoja mwembamba, Shinsuke Nakamura, alirudi nyuma mpaka kona ya ulingo, akatetemeka kama mtu aliyepandwa na pepo, kisha akakimbia na kumpiga mpinzani wake goti la uso. Mtangazaji wa Kimarekani akapaza sauti: "Kinshasa!" Tulicheka, tukarudisha nyuma, tukasikiliza tena. Hakuna aliyekosea. Goti lile linaitwa Kinshasa.

Mwenzetu akaendelea kutafuta, akatupata wimbo wa zamani wa Kijapani ambamo kwaya inarudia neno moja, "bom-ba-ye, bom-ba-ye", kwa furaha kama ya mashabiki wa mpira. Nikauchukua wimbo ule nikaenda nao nyumbani. Kesho yake asubuhi niliuwasha nikiwa nafua nguo uani. Mama alikuwa akichambua mihogo. Akanyanyua kichwa, akaniambia: "Zima ile kitu, mwana wangu." Nikamwambia ni wimbo wa Wajapani tu. Akajibu: "Ile neno, ile siku, balisema mara moja tu." Hakuongeza kitu. Nilizima.

Wasomaji wa Kamina hawahitaji maelezo mengi. Mji wetu ni wa Waluba na wa reli. Kiswahili ni lugha ya soko na Kiluba ni lugha ya nyumbani. Kilingala kilitufikia hasa kwa njia ya jeshi, kwa kuwa tangu enzi ya Force Publique ndicho lugha ya kambi, na Base ya Kamina ni kambi kubwa. Kwa watu wa umri wa mama, Kilingala ni lugha ya muziki, na pia ni lugha ya mtu mwenye bunduki. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Swali langu basi ni la pragmatiki, si la michezo. Tamko moja, lenye maneno mawili tu, limekuwa shangwe ya uwanja, wimbo wa kumtia mtu moyo na jina la pigo. Kwa mama yangu limebaki kuwa amri. Je, maana yake imo ndani ya maneno, au iko wapi? Kulijibu, nitafuata safari ya tamko hilo mpaka kwenye kampuni ya kechi iliyolibeba, New Japan Pro-Wrestling, maana nimegundua kwamba kupanda na kuanguka kwa kampuni hiyo kunafundisha kitu kilekile ambacho neno hili linafundisha.

Neno lenyewe

Msomaji wa Kiswahili wa pwani akisikia "boma" atafikiri ua au ngome. Hapa hakuna uhusiano. Katika Kilingala, koboma ni kuua. Shina lake ni -boma. Ye ni kiwakilishi cha nafsi ya tatu umoja, kisichobagua mwanamume na mwanamke. "Boma ye" ni "mwue".

Tazameni tofauti ya muundo. Kiswahili huingiza yambwa ndani ya kitenzi, mbele ya shina, na kubadili irabu ya mwisho: m-u-e, "mwue". Kiluba, chenye kitenzi kwipaya, nacho huweka yambwa mbele ya shina. Kilingala cha mjini kimerahisisha jambo: kitenzi kinasimama peke yake, na kiwakilishi kinafuata nyuma kama neno huru. Matokeo yake ni silabi tatu nyepesi, kila moja konsonanti na irabu: bo-ma-ye. Ukitanguliza jina la anayeitwa, unapata mapigo matano: A-li-bo-ma-ye. Ni tamko linalopigwa makofi bila mazoezi.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Katika tamko hili, anayeamrishwa anatajwa kwa jina, lakini anayepaswa kufa hatajwi. Yeye ni "ye" tu. Kiwakilishi ni kiti kitupu. Anayekikalia hujulikana kwa mahali na saa ya kusema. Ndiyo sababu tamko linaweza kusafiri. Toa Ali, weka mwingine. "Ye" atajazwa na yeyote atakayesimama mbele yake.

Usiku wa Kinshasa

Tarehe 30 Oktoba 1974, kabla ya mapambazuko, Muhammad Ali na George Foreman walipigana ngumi katika Stade du 20 Mai, Kinshasa, uwanja ambao leo unaitwa Tata Raphaël. Jina la wakati ule lilitokana na siku ya kuanzishwa kwa chama kimoja cha nchi, MPR, mwaka 1967. Mobutu alitaka ulimwengu uione Zaïre. Don King alitafuta mahali pa kulipia mabondia wawili dola milioni 5 kila mmoja. Pambano lilikuwa lifanyike Septemba, lakini Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, likaahirishwa. Kwa hiyo Ali alikaa wiki nyingi nchini, akitembea, akitania, akijifunza kusema na watu.

Watu wakampa neno: "Ali, boma ye!" Foreman alikuwa na bahati mbaya ya ishara. Alishuka na mbwa wake mkubwa wa Kijerumani, jamii ileile ambayo polisi wa ukoloni wa Kibelgiji waliitumia dhidi ya raia. Kwa waliokumbuka, mbwa yule alizungumza kabla ya mwenye mbwa.

Katika raundi ya 8 Foreman alianguka. Hakufa. Alisimama, akavaa joho lake, akarudi Marekani, na miaka mingi baadaye akawa rafiki wa Ali. Watu karibu 60,000 walikuwa wamepaza sauti "mwue", na hakuna hata mmoja aliyerudi nyumbani akilalamika kwamba amri haikutekelezwa. Sisi nasi tunajua matumizi haya. Timu yetu ikishinda 3 kwa 0 tunasema "tumewaua", na watoto wakicheza vita uani, mmoja humwambia mwenzake: "Nimekuua, lala!" Mwenzake analala, anahesabu mpaka kumi, anaamka.

Nataka kuongeza fikra moja, nayo ni yangu tu. Katika nchi ya chama kimoja, shangwe za uwanjani mara nyingi zilipangwa: nyimbo za chama, ngoma za chama, majina ya kiongozi. "Ali, boma ye" ilikuwa shangwe iliyotoka chini. Naona huenda nguvu yake ilitokana na hapo: watu walikuwa na neno lao, na kwa usiku mmoja waliruhusiwa kulipaza.

Neno linapanda ndege

Tarehe 26 Juni 1976, Ali alipanda ulingo wa Nippon Budokan, Tokyo, kupambana na mcheza kechi Antonio Inoki. Inoki alikuwa amekulia kwa sehemu nchini Brazili, alikohamia na familia yake akiwa kijana. Huko ndiko Rikidozan, baba wa kechi ya Kijapani, alikomwona na kumrudisha Japani mwaka 1960. Rikidozan alikuwa mzaliwa wa Korea aliyewafurahisha Wajapani, baada ya kushindwa vita, kwa kuwaangusha Wamarekani mbele ya kamera za televisheni. Alichomwa kisu katika klabu ya usiku mwezi Desemba 1963, akafa siku chache baadaye. Wanafunzi wake wawili waligawana urithi mwaka 1972: Giant Baba akaanzisha All Japan, Inoki akaanzisha New Japan. Kampuni mama ya mwalimu wao ikafa mwaka 1973.

Pambano la Ali na Inoki lilikuwa la raundi 15, na kwa mtazamaji lilikuwa balaa. Kanuni zilimfunga Inoki mikono, akaamua kulala chali na kuipiga miguu ya Ali mateke kutoka chini, raundi baada ya raundi. Ali alirusha ngumi za kuhesabika kwa vidole. Likaamuliwa sare. Watazamaji walikasirika, wakatupa takataka ulingoni. Ali aliondoka na miguu iliyovimba, ikambidi atibiwe hospitalini. Kampuni ya Inoki ilibaki na mzigo wa madeni.

Lakini wapinzani hawa wawili walikuwa marafiki baadaye, na hapo ndipo neno letu lilipovuka bahari. Mwaka 1977 ilitoka filamu juu ya maisha ya Ali, ambamo shangwe ya Kinshasa iligeuzwa wimbo. Wajapani husimulia kwamba Ali alimpa Inoki wimbo ule kama zawadi. Inoki akaufanya wimbo wake wa kuingilia ulingoni, na kwaya ikabadili jina la anayeitwa: badala ya Ali, ikawa "Inoki, bom-ba-ye".

Mwanafunzi wa fonolojia aangalie kilichotokea. Boma ye imekuwa bombaye. Kati ya m na a ameingia b. Hilo si ajabu: m hufunga midomo, na midomo ikifunguliwa mapema kidogo kabla ya irabu, sikio lisilojua neno husikia b. Anayejua koboma hatakosea, kwa sababu shina analo kichwani. Asiyejua hana cha kumsahihisha. Kisha Wajapani wakaliandika kwa katakana, mwandiko wa maneno ya kigeni, kwa herufi tano: bo-n-ba-i-e. Katika Kijapani, sauti ya puani mbele ya konsonanti huhesabiwa kama pigo kamili. Silabi tatu za Kinshasa zikawa mapigo matano, na mpaka kati ya kitenzi na kiwakilishi ukafutika. Hakuna tena kitenzi, hakuna tena "ye". Limebaki neno moja ambalo Mjapani wa kawaida hulisikia kama "nguvu!" au "twende!". Amri imekufa, sauti inaishi.

Kupanda kwa kampuni

Roland Barthes, katika insha yake juu ya kechi iliyomo katika Mythologies ya 1957, alieleza kwamba kechi ni onyesho, si mashindano, na kwamba mtazamaji hajali kama matokeo yamepangwa. Anachotaka ni kuona maumivu, haki na fedheha vikionekana wazi. Hapa kwetu hilo tunalijua bila Barthes. Kinshasa ilikuwa na wacheza kechi mashuhuri kama Kelekele Lituka, na mpaka leo kechi ya Kikongo huchanganya misuli na dawa, moshi, vinyago na mapepo. Mtoto anayetazama anaogopa kweli, na bado anajua kwamba kesho yule "aliyerogwa" atapita sokoni kununua unga.

Inoki alijenga New Japan juu ya mchanganyiko mwingine. Onyesho la kwanza lilifanyika Tokyo tarehe 6 Machi 1972. Yeye alihubiri kwamba kechi yake ndiyo sanaa ya mapigano yenye nguvu kuliko zote, na akaalika majudoka, mabondia na makarateka kuja kuithibitisha. Mapigo yalikuwa mazito, mateke yalisikika. Mtazamaji aliachwa katika shaka tamu: huenda safari hii ni kweli. Shaka hiyo ndiyo iliyokuwa bidhaa. Televisheni ilimbeba, mwaka 1981 kijana aliyevaa kinyago cha chui, Tiger Mask, alijaza watoto mbele ya skrini.

Haikuwa njia iliyonyooka. Mwaka 1983 ilifahamika kwamba fedha za kampuni zilikuwa zikimezwa na biashara ya Inoki nchini Brazili. Tiger Mask akaondoka, na mwaka uliofuata wakaondoka wengine wengi. Lakini kampuni ilisimama tena. Mwaka 1989 Inoki alichaguliwa kuwa mbunge wa baraza la juu, akawaachia wengine uongozi wa kila siku, na mwaka uliofuata alikwenda Irak na kusaidia mateka wa Kijapani warudi kwao. Huku nyuma, miaka ya 1990, kampuni ilifikia kilele: vijana watatu, Mutoh, Chono na Hashimoto, na kila tarehe 4 Januari onyesho kubwa katika Tokyo Dome. Tarehe 4 Aprili 1998 Inoki alicheza pambano lake la kuaga katika ukumbi huo, mbele ya watu waliotangazwa kuwa 70,000. Ali, aliyekuwa tayari mgonjwa, alikuwepo. Wimbo ulipigwa. Miaka 24 baada ya Kinshasa, mtu aliyepewa neno lile na watu wetu aliketi Tokyo akisikia maelfu wakilipaza kwa ajili ya mwingine.

Kuanguka

Kilichoiangusha kampuni ni Inoki kusadiki maneno yake mwenyewe.

Mwaka 1997 ilianzishwa Japani ligi ya PRIDE, ya mapigano ya kweli yasiyopangwa, nayo ikawavuta watazamaji. Kama kechi ya Inoki ndiyo yenye nguvu kuliko zote, watu walisema, basi na ije ijaribiwe. Kiongozi mwenye busara angejibu: sisi tunafanya sanaa nyingine. Inoki, aliyekuwa bado mwenye hisa nyingi, alijibu kwa kuwapeleka wachezaji wake wakapigane kweli. Na onyesho la mkesha wa mwaka mpya ambamo wengine walitolewa kafara aliliita kwa neno letu: Inoki Bom-Ba-Ye.

Tarehe 31 Desemba 2001, Yuji Nagata, mmoja wa wacheza kechi bora wa kizazi chake, alisimama mbele ya Mirko Cro Cop, bingwa wa mateke kutoka Kroatia. Teke moja la kichwa, sekunde 21, basi. Nagata akarudi kwenye kampuni, akatwaa ubingwa mwaka 2002, akautetea mara 10 kwa ustadi na heshima. Kisha tarehe 31 Desemba 2003, katika Inoki Bom-Ba-Ye nyingine, akawekwa mbele ya Mrusi Fedor Emelianenko. Ilichukua sekunde 62. Usiku huo vituo vitatu vya televisheni vilirusha mapigano kwa wakati mmoja, na onyesho la Inoki halikuendelea tena mwaka uliofuata.

Tuutazame msiba huo kwa macho ya isimu. Katika ulingo wa kechi, "bom-ba-ye" ilikuwa amri ya mchezo. Katika mapambano ya mkesha wa mwaka mpya, kwaya iliimba neno lilelile, kwa sauti ileile, lakini mkataba ulikuwa umebadilika. Mtu aliyepigwa hakuwa amekubali kuanguka, alianguka. Maana ya kwanza ya Kilingala, ambayo Wajapani hawakuijua, ilikuwa imerudi bila kuitwa.

Na mtazamaji aliporudi kwenye kechi ya kawaida, shaka tamu ilikuwa imekwisha. Alikuwa ameshapata jibu. Hashimoto alikuwa ameondoka na kuanzisha kampuni yake mwaka 2001. Mutoh aliondoka 2002, Choshu naye mwaka huohuo. Viti vikawa vitupu. Novemba 2005, Inoki aliuza hisa zake, zaidi ya nusu ya kampuni, kwa Yuke's, watengenezaji wa michezo ya video. Mwaka 2006 bingwa wa Kimarekani Brock Lesnar aliachana na kampuni bila kuurudisha mkanda. Ikabidi ubingwa utolewe upya, ukaenda kwa kijana Hiroshi Tanahashi. Tanahashi hakudai kuwa mwenye nguvu kuliko wote duniani. Alisema kwa matendo yake kwamba kechi ni kechi. Taratibu watu walirudi, na tangu 2012, mikononi mwa Bushiroad, kampuni ya michezo ya karata, New Japan imesimama tena.

Nakamura yule wa kwenye simu alikuwa mtoto wa kipindi hicho cha giza: alitwaa ubingwa Desemba 2003 akiwa na miaka 23, huku naye akitumwa kwenye mapigano ya kweli. Kuanzia 2009 aliliita goti lake "Boma Ye". Angalieni tahajia: b ya pili imeondoka. Baada ya miaka zaidi ya 30 ya bombaye, neno lilirudi karibu na umbo lake la Kinshasa. Alipohamia WWE ya Marekani mwaka 2016, jina likabadilishwa kuwa "Kinshasa". Nadhani ni mara chache katika historia ya maneno ambapo tafsiri ya kitenzi "kuua" imekuwa jina la mji. Kwetu sisi wenye mji huo, si jambo la kucheka tu.

Amri isiyoamrisha

J. L. Austin, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1962 baada ya kifo chake, alitufundisha kwamba kusema ni kutenda. Amri hufanikiwa ikiwa masharti yake yametimia: anayesema ana uwezo, anayeambiwa anaweza kutenda, na wote wawili wanaelewa kwamba ni amri. Maneno ya jukwaani Austin aliyaweka kando, kama mmea unaoota juu ya mti mwingine: yana umbo la amri, lakini hayaamrishi.

Naona mfano wetu unadai tuongeze jambo. Lugha ya mchezo haiishi peke yake kando. Inategemea mkataba unaolindwa kila siku, na mkataba huo unaweza kuvunjwa kutoka pande zote mbili. Utani wetu unafanya kazi hivyohivyo. Mtani wako anakuambia msibani kwamba marehemu alikuwa mchoyo, nawe unacheka, kwa sababu mnajuana. Mgeni akisema neno hilohilo ni matusi. Maneno hayakubadilika; aliyebadilika ni msemaji na haki yake ya kusema. Inoki alivunja mkataba kutoka ndani, kwa kuutaka mchezo uwe kweli. Nagata alilipa.

Na kuna wale ambao kwao mkataba haukuwahi kuwepo. Hapa narudi uani kwetu.

Nilipoanza kazi hii, nilitaka kumwonyesha mama kwamba neno lile ni zuri. Lilitoka kwa watu, likampa mtu nguvu, likazunguka dunia, likapigiwa muziki. Yote hayo ni kweli. Lakini nilikuwa nafanya kosa ambalo mwalimu wetu wa semantiki hutuonya kila mara: nilidhani historia ya neno inaweza kufuta tukio la neno. Mama hasikii historia. Anasikia tukio moja, lenye masharti yote ya Austin yaliyotimia: aliyesema alikuwa na uwezo, aliyeambiwa alikuwa na chombo mkononi, na kila aliyekuwepo alielewa. Balisema mara moja tu, kwa sababu mara moja ilitosha. Uwanjani watu 60,000 walirudia kwa saa nzima, kwa sababu hawakuwa wakiamrisha. Kurudia ndiyo alama ya mchezo. Hili ndilo jambo dogo ambalo somo hili limenifundisha, na nililipata kwa mama kabla sijalipata kitabuni.

Jambo la mwisho ni lile kuhusu kiwakilishi. Nilisema "ye" ni kiti kitupu. Foreman alikikalia, akasimama. Nagata alikikalia mara mbili, akasimama mara mbili, na aliendelea na kazi yake miaka mingi. Mtoto anayelala uani huhesabu mpaka kumi. Wanaisimu tunapenda viwakilishi kwa sababu vinaweza kumrejelea yeyote. Lakini katika tukio la mama, "ye" hakuwa yeyote. Alikuwa na jina, na hakusimama. Mama ameniambia jina hilo juma lililopita, nilipomsomea rasimu hii kwa Kiswahili chetu cha nyumbani. Hakuniomba niliandike, wala sitaliandika.

Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama Mjapani yule wa goti anajua maana ya neno alilolitumia. Nikamjibu kwamba hata kama anajua, hakulijifunza hapa. Akasema: "Basi aendelee kucheza." Kisha akaniomba nimletee maji.